Nilivyojiandaa na mtihani wa kufundisha hisabati California

Mtu aliyesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati za kidato cha tano na sita, ukimwambia unajiandaa na mtihani wa kuruhusiwa kufundisha hisabati ya kawaida, anakuonea huruma. Hisabati ya kawaida? Sehemu, desimali, asilimia? Wewe uliyepita kwenye kalkulasi ya kidato cha sita ukatoka salama, leo unakesha na namba tasa? Niliulizwa hivyo na ndugu zangu Dar, nikaulizwa tena na Watanzania wenzangu hapa Sacramento. Mmoja akanishauri niende tu kwenye mtihani bila kufungua kitabu, maana "hayo mambo yamo kwenye damu."

Yamo kweli. Tatizo ni kuyatoa humo yakafika kwa mtoto wa miaka 12 ambaye hana sababu yoyote ya kukuamini, na mtihani huu umetungwa na watu wanaolijua tatizo hilo.

Kwa wasiojua utaratibu wa huku, California haina leseni moja tu ya mwalimu wa hisabati. Ipo ile kamili, inayokuruhusu kufundisha mpaka kalkulasi, na ipo ya ngazi ya msingi, inayokupa hisabati ya jumla, aljebra, jometri, uwezekano na takwimu, na hisabati ya matumizi ya fedha. Anayezitoa ni tume ya jimbo ya leseni za walimu, na mtihani wa somo unaitwa CSET. Upande wa hisabati una pepa tatu: ya kwanza namba na aljebra, ya pili jometri pamoja na uwezekano na takwimu, ya tatu kalkulasi. Anayetaka leseni ya msingi anafanya mbili za mwanzo, na si lazima azifanye siku moja. Kila moja kati ya hizo mbili ina maswali 35 ya kuchagua na maswali 3 ya kuandika. Alama zako zinapelekwa kwenye kipimo cha 100 hadi 300, na mstari wa kufaulu ni 220. Ukifaulu unaambiwa umefaulu, basi. Huambiwi ulipata ngapi. Kwa sisi tuliolelewa na "division one ya pointi saba" jambo hili linakera kidogo, maana huna cha kutambia.

Tangu 2021 sheria ya jimbo imefungua mlango mwingine pia: mwenye kozi za chuo zinazolingana na mada zinazotakiwa anaweza kuzitumia badala ya mtihani. Kwa mtu aliyesoma Afrika Mashariki, mlango huo una kazi yake. Shahada yako lazima kwanza itathminiwe na taasisi inayotambuliwa na tume, kisha mtu akae na transkripti yako aone kama kozi za uhandisi zenye hisabati tele ndani yake zinahesabika kuwa hisabati. Nilipima nikaona nitakuwa naandikiana barua mwaka mzima. Nikachagua pepa.

Wakati huo nilikuwa nimeacha kubeba boksi na kuanza kuingia madarasani kama mwalimu wa kuziba pengo, yule anayeitwa asubuhi mwenye darasa akiugua. Kazi hiyo ndiyo iliyonionyesha nijiandae vipi. Siku moja nilikuta ubaoni, darasa la saba, swali la 24 ÷ 4 × 3. Nusu ya darasa waliandika 18, nusu waliandika 2. Wa 2 walikuwa wakali zaidi, na walikuwa na ushahidi: wamefundishwa PEMDAS, kaulimbiu ya huku ya mpangilio wa matendo, na humo herufi ya kuzidisha inatangulia ya kugawanya, kwa hiyo 4 × 3 kwanza inakuwa 12, halafu 24 gawanya kwa 12. Mimi nimekua na MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwa MAGAZIJUTO hilo swali linatoka 18 bila jasho, na ningeweza kuwaambia kifua mbele kwamba kwetu tulifundishwa vizuri zaidi. Lakini iweke MAGAZIJUTO hiyohiyo mbele ya 12 − 5 + 3. Ukijumlisha kwanza kama herufi zinavyotaka, unapata 12 − 8, yaani 4. Jibu ni 10. Kaulimbiu zote mbili zina shimo. Kuzidisha na kugawanya ni ndugu wa rika moja, unaanza na aliye kushoto. Kujumlisha na kutoa vilevile.

Sasa mtoto akikuuliza kwa nini wawe rika moja, utamjibu nini? Nilikuwa na jibu, ila lilitoka vipande vipande: kugawanya kwa 4 ni kuzidisha kwa robo, kutoa 5 ni kujumlisha hasi 5, kwa hiyo kila jozi kwa kweli ni tendo moja lililovaa nguo mbili. Nilipofika mwisho kengele ilikuwa imeshalia. Jioni hiyo nikafungua orodha ya mada za CSET, nikaacha kutafuta zilizo ngumu. Nikaanza kutafuta zile nilizokuwa nazifanya bila kufikiri.

Hiyo orodha ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo kabla ya kununua kitabu chochote. Inapatikana bure, imeandikwa kikavu kama mkataba, lakini kila mstari una kitenzi, na kitenzi ndicho kinachokuambia utatakiwa ufanye nini. Pale panaposema ujue, unajua ukaendelea. Pale panaposema uthibitishe, chukua kalamu. Nilizungushia kila palipotajwa uthibitisho, nikashangaa palivyo pengi kwa kitu kinachoitwa ngazi ya msingi.

Kabla sijaendelea niseme neno kuhusu NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, maana huwa tunaisema vibaya. Pepa ya kwanza ya CSET hairuhusu kikokotoo. Wamarekani wengi niliowasikia wakijiandaa waliliona hilo kama adhabu. Aliyefanya hisabati ya kidato cha nne Tanzania hana la kuogopa: muda wa saa tatu, kitabu cha majedwali cha NECTA, kalamu ya bluu au nyeusi, na kikokotoo hakiingii chumbani. Mikono yetu imezoea. Nikipewa 2x³ − 3x² − 11x + 6 = 0 najua watahiniwa wa jibu ni wachache, wanatokana na vigawo vya 6 juu na vya 2 chini, najaribu 3, naona 54 − 27 − 33 + 6 inaisha sifuri, nagawanya, nabaki na mlinganyo wa kipeo cha pili, nusu na hasi 2 wanajitokeza wenyewe. Ukitaka kigawo kikubwa cha shirika cha 391 na 299, huna haja ya kutafuta vigawo vya kila moja: toa 299 kwenye 391 ubaki na 92, gawanya 299 kwa 92 ubaki na 23, na 23 inaingia kwenye 92 mara 4 kamili. Jibu 23. Njia hiyo ni ya Euklidi, na umri wake unazidi miaka 2,000. Kwa ukokotoaji wa mkono, shule zetu zilitutendea haki.

Kile ambacho hazikutupa ni mazoea ya kujieleza. "Onyesha njia" tuliyoambiwa ilikuwa na maana ya kuonyesha hatua, mstari juu ya mstari, na alama za hatua zikahesabiwa. Sababu ya kutoka mstari mmoja kwenda mwingine ilikuwa siri kati yako na mwalimu. Maswali matatu ya kuandika ya CSET yanasahihishwa kwa kuangalia kama umejibu kilichoulizwa, kama hisabati yako ni sahihi, kama umeitetea, na kama unaonekana kuielewa kwa kina. Mwanafunzi hodari wa kitanzania anaweza kuandika hatua kumi safi na bado msahihishaji asione utetezi wowote.

Hapo ndipo aliponisaidia dada mmoja wa Mombasa, naye anaishi Oakland, naye akijiandaa na pepa hizohizo. Tulijuana kupitia msiba, kama Waswahili wengi wa ughaibuni wanavyojuana. Tukakubaliana kila Jumapili jioni tupigiane simu ya video, mmoja aeleze jambo moja dogo na mwingine awe mtoto mbishi. Sheria ilikuwa moja: mtoto haruhusiwi kukubali kitu kwa sababu mwalimu kasema.

Jumapili ya kwanza nilimthibitishia kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu. Ni uthibitisho maarufu, niliuimba. Tuseme kinaandikika, kiasi a na asili b, na sehemu imeshafupishwa mpaka mwisho. Basi a² = 2b². Kwa hiyo a² ni shufwa, kwa hiyo a ni shufwa...

"Kakangu, hapo umeruka."

"Nimeruka nini, dada? Mraba wake ni shufwa, yenyewe lazima iwe shufwa."

"Lazima kwa nini? Mimi mtoto. Sijaona lazima."

Alikuwa sahihi kunibana. Kipande hicho kina uthibitisho wake mdogo: namba witiri inaandikwa 2k + 1, mraba wake ni 4k² + 4k + 1, nao ni witiri, basi mraba ukiwa shufwa, namba yenyewe haikuwa witiri. Ni mistari miwili. Ukiiweka, uthibitisho umesimama. Ukiiacha, msahihishaji hajui kama unaelewa au umekariri. Baada ya hapo unaendelea: a = 2c, 4c² = 2b², b² = 2c², b nayo shufwa, na sehemu tuliyosema imefupishwa mpaka mwisho bado inagawanyika kwa 2. Imeshindikana. Tangu siku ile kila nilipoandika "kwa hiyo" nilisimama nikamsikia dada akiuliza.

Jambo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni hasi mara hasi kuwa chanya. Jaribu kumweleza mtu sasa hivi, bila kutumia "adui wa adui yangu ni rafiki yangu", uone. Hadithi za madeni husaidia kidogo, kisha zinakwama: kuondoa madeni matatu ya shilingi mia mia ni kupata mia tatu, sawa, lakini deni mara deni ni nini? Tulijaribu joto, ngazi za ghorofa, gari linalorudi nyuma kwenye video inayorudishwa nyuma. Hiyo ya video ni nzuri kwa watoto na bado naitumia. Kwenye karatasi ya mtihani lakini, kinachosimama ni kanuni ya kufungua mabano. Hasi 1 mara sifuri ni sifuri. Sifuri ni 1 + (−1). Kwa hiyo (−1) × (1 + (−1)) = 0. Fungua mabano: −1 + (−1)(−1) = 0. Kitu gani ukikijumlisha na hasi 1 unapata sifuri? Ni 1. Basi (−1)(−1) ni 1, na hakuna mtu aliyeamua hivyo kwa hiari yake. Tukikataa, kufungua mabano kunavunjika na aljebra yote inakwenda nayo. Dada alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi nilikuwa naamini tu miaka yote hii." Naye ni mhasibu.

Kugawanya sehemu ni ndugu wa hilo. "Geuza ya pili uzidishe" tunaijua sote tangu darasa la tano. Robo tatu gawanya kwa moja ya nane unaweza kuionyesha kwa kitambaa: una robo tatu ya mita, unakata vipande vya moja ya nane ya mita, utapata vipande 6. Lakini 2/3 ÷ 4/5 kitambaa hakisaidii, kwa sababu hata kipande kimoja kizima hupati. Maelezo niliyoyapenda ni haya: ukizidisha kinachogawanywa na kinachogawa kwa namba ileile, jibu halibadiliki, kama vile 12 ÷ 4 na 120 ÷ 40 zilivyo sawa. Basi chagua namba itakayofanya kinachogawa kiwe 1. Kwa 4/5, namba hiyo ni 5/4. Juu unabaki na 2/3 × 5/4, ambayo ni 5/6, na chini unabaki na 1. Ule ugeuzaji umetokea mbele ya macho yako na mtoto anaona ulikotoka.

Kwa ajili ya hayo yote nilirudi kwenye kitabu cha hisabati cha shule ya msingi cha Tanzania, cha Kiswahili. Mtoto wa dada yangu alinipigia picha kurasa nilizozitaka. Niliyasoma mambo haya kwa Kiswahili kabla ya kuyasoma kwa Kiingereza, na nilipokuwa nayatafutia sababu, akili ilitaka kuyapitia ilikoyaanzia. Nilieleza kwa Kiswahili kwanza, jikoni, kwa sauti, kisha nikaandika kwa Kiingereza. Mtu mwingine asingepata faida hiyo. Kwangu ilikuwa kubwa. Vingine nilivyotumia ni vya kawaida: maswali ya majaribio ya bure ya waendesha mtihani wenyewe, vitabu vya bure vya OpenStax kutoka Chuo Kikuu cha Rice kwa aljebra na takwimu, na meza ya maktaba ya mtaa. Sikulipia pindi lolote. Madesa yanayouzwa mtandaoni kwa ahadi ya "maswali yaleyale" niliyaacha yalivyo.

Pepa ya pili ilikuwa na tabia nyingine. Kikokotoo kinaruhusiwa, na hilo lenyewe linakuambia kwamba kukokotoa si shabaha. Jometri yao inaanzia mahali ambapo yetu inafikia mwisho. California ilipokea viwango vya pamoja vya Common Core mwaka 2010, na humo maumbo mawili yanahesabiwa kuwa sawa kabisa pale unapoweza kulichukua moja ukalisogeza, ukalizungusha au ukaliakisi kama kwenye kioo mpaka likakaa juu ya jingine bila kubakiza. Mimi nilikariri kwamba pembetatu mbili zenye pande mbili na pembe ya katikati zinazofanana ni sawa, nikaitumia maisha yangu yote ya shule kama sheria iliyoshuka. Hapa unaweza kuambiwa utoke kwenye kusogeza na kuzungusha ufike kwenye sheria hiyo mwenyewe. Nilikata pembetatu za karatasi ya boksi la nafaka, nikazisukuma juu ya meza. Unasogeza ncha moja ikae juu ya mwenzake, unazungusha upande mmoja ukae juu ya mwenzake, ukiona ya tatu iko upande wa pili unaiakisi, na pembe ikiwa sawa mkono wa pili hauna pa kwenda isipokuwa mahali pake. Ukishaifanya kwa mikono, kuiandika ni kueleza ulichokiona. Nadhani mtaala wetu ungefaidika na hili mapema zaidi. Kusogeza, kuzungusha na kuakisi tunavyo, ila tunavifundisha kama mada ya pembeni.

Vipimo vyao vinasumbua watu, lakini Mtanzania aliyewahi kusimamia ujenzi hawezi kushtushwa na futi na inchi, maana mafundi wetu ndiyo lugha yao. Kinachohitaji mazoezi ni maeneo. Yadi moja ina futi 3, kwa hiyo yadi moja ya mraba ina futi za mraba 9, na chumba cha futi 12 kwa 15 kinahitaji yadi za mraba 20 za zulia, si 60. Maili ina futi 5,280. Gari la maili 60 kwa saa linakwenda futi 88 kwa sekunde. Nilizoea kubeba vizio ndani ya hesabu mpaka mwisho, nivikate vyenyewe kama namba, na hilo peke yake liliniondolea wasiwasi.

Kwenye uwezekano kuna jambo la kuchekesha. Vitabu vya huku vinapenda mno karata 52, na nyumba niliyokulia karata hazikuvuka kizingiti. Dada wa Mombasa alinicheka sana. Akanionyesha kwa kamera: kopa, uru, shupaza, pau, kila aina karata 13, za picha 12 kwa jumla. Akaniuliza, ukichomoa mbili bila kurudisha, uwezekano wa zote kuwa kopa ni upi? 13/52 mara 12/51, yaani 1/17. Na angalau moja kuwa kopa? Hapo ndipo watu wanajaza ukurasa. Mwenye akili anahesabu kinyume chake: hakuna kopa hata moja ni 39/52 mara 38/51, yaani 19/34, toa kwenye 1, unabaki na 15/34. Akaongeza kwamba bibi yake huko Mji wa Kale angeijibu bila kalamu.

Takwimu niliziona nyepesi kwa hesabu na nzito kwa maneno. Sisi tulifundishwa kutafuta wastani, kati na modi. Hawa wanakuuliza utumie ipi na kwa nini. Watu watano ofisini wanapata 20, 22, 23, 25 na 160. Wastani ni 50, na hakuna hata mmoja anayekaribia 50. Kati ni 23. Swali la kuandika linaweza kuwa hapo hapo: mwajiri anatangaza wastani, eleza tatizo. Ukiandika "namba ya 160 imeuvuta wastani" umeanza vizuri. Inabidi pia useme kati haikuvutwa kwa nini, maana yenyewe inaangalia nafasi na haijali ukubwa. Ile michoro ya kisanduku chenye masharubu sikuwahi kukutana nayo sekondari, nikaijifunza upya kama mgeni. Haikuchukua muda.

Kuhusu mpango wa muda: nilifanya pepa moja kwanza, nikamaliza, ndipo nikajiandikisha ya pili. Wapo wanaozifanya zote mbili kwa kikao kimoja ili kuokoa siku ya kazi. Kwa mtu mwenye zamu za usiku na watoto siishauri. Ndani ya chumba, nilianza na maswali ya kuandika yote matatu kabla ya kugusa ya kuchagua. Dada alifanya kinyume, akasema ya kuchagua yanampasha moto. Hatukukubaliana mpaka leo, na sote tulivuka. Sababu yangu ni kwamba swali la kuchagua unaweza kulikata majibu mawili ya ovyo ukabahatisha katika yaliyobaki. Uthibitisho haubahatishwi, na ukichoka unauandika vibaya.

Mambo ya siku yenyewe niyapitie haraka. Majina uliyojiandikisha nayo yawe yaleyale ya kwenye kitambulisho, na hapa Mtanzania mwenye majina matatu aangalie kwa makini, kwa sababu lile la kati linapenda kugeuka ubini au kutoweka kabisa. Simu, saa na pochi vinabaki kwenye kabati. Mtihani uko kwenye kompyuta, lakini majibu ya kuandika ya hisabati unaweza kuyaandika kwa mkono kwenye karatasi maalumu kisha ukaziskani mwenyewe palepale. Fanya hivyo. Kuchapa vipeo na vipeuo kwa kibodi huku saa inahesabu ni kujitafutia dhiki. Andika kwa herufi kubwa kiasi, maana kinachosomwa ni picha ya karatasi yako. Na acha dakika za kuskani. Hazimo kwenye hesabu za watu wengi.

Swali moja la pepa ya kwanza siwezi kulitaja, tumesaini kutotoboa siri. Nitasema tu kwamba nilipolisoma nilikaribia kucheka, maana lilikuwa dogo kuliko yote niliyoyaandaa, kitu cha darasa la nne, na chini yake likaomba sababu. Nililiandikia ukurasa mzima.

Majibu yalichukua wiki kadhaa kila mara. Leseni yenyewe haikutoka kwa sababu ya pepa tu. Kuna alama za vidole, kuna programu ya maandalizi ya ualimu, na kuna mazoezi ya kufundisha yanayotathminiwa. Pepa ni tiketi ya kuingia foleni hiyo ukiwa na somo lako mkononi. Dada wa Mombasa ameamua kuendelea na pepa ya tatu, kalkulasi, ili apate leseni kamili afundishe vidato vya juu, na Jumapili bado tunapigiana. Zamu yangu ni kuwa mtoto. Wiki hii anapaswa kunieleza kwa nini kikomo cha sin x kwa x, x inapokaribia sifuri, ni 1, na nimemwambia sikubali mchoro bila maneno. Mimi hiyo pepa siifanyi kwa sasa. Shule niliyopangiwa imenipa darasa la saba mikondo miwili na la nane mmoja, na tumeanza muhula na sehemu.